Wanyama wa ng'ambo ya kushoto: Yahuma na msitu uliosomwa kutoka bandarini

Mto Kongo ukishapita Kisangani hupinda. Ulikuwa ukielekea kaskazini. Sasa unageuka magharibi, na baada ya mamia ya kilomita unateremka kusini-magharibi kuitafuta Kinshasa na bahari. Ndani ya upinde huo, ng'ambo ya kushoto, zaidi ya kilomita 200 magharibi mwa Kisangani, iko Yahuma, moja ya wilaya saba za jimbo la Tshopo. Imepakana na Basoko, Isangi na Opala za jimbo hilohilo, na upande wa machweo na Djolu ya jimbo la Tshuapa. Ni nchi ya mvua na msitu mnene. Vijiji vimejipanga kandokando ya njia za udongo, na mtu anayetaka kufikisha mzigo wake mtoni hutegemea pikipiki, baiskeli, mtumbwi au kichwa chake.

Msitu huu una karne na nusu ukiandikwa na wageni, ila wengi wao hawakuingia ndani. Walikaa mtoni, zilikotia nanga meli, wakaandika walichokiona kikitoka: pembe za ndovu, mpira, mafuta ya mawese, mafuvu, ngozi na manyoya. Kila kitu kilipofika bandarini kilikuwa kimekwisha kuachana na watu waliojua kilikotoka na jinsi kilivyoishi. Historia ya wanyama wa Yahuma na majirani zake, kwa sehemu kubwa, ni historia ya mizigo hiyo, na ya hasara iliyopatikana kwa kuusoma msitu kupitia shehena yake.

Mto uliowatenga ndugu

Ng'ambo ya kulia ya Mto Kongo anaishi sokwe wa kawaida, yule anayepatikana pia Gombe na Mahale nchini Tanzania. Ng'ambo ya kushoto, ndani ya upinde, hayupo. Huko anaishi bonobo, mwembamba zaidi, mwenye uso mweusi tangu kuzaliwa na nywele zilizogawanyika katikati ya utosi. Ni wa ukoo mmoja. Wanasayansi wanakadiria kwamba waliachana kati ya miaka milioni moja na milioni mbili iliyopita. Sokwe hawaogelei, kwa hiyo maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba kundi dogo lilivuka wakati wa ukame mkali, maji yalipopungua, kisha mto ukajaa nyuma yao na kuwafungia huko.

Waliofungiwa walikuta msitu usio na gorila, na chakula cha chini, yaani machipukizi na mashina laini ya mimea ya kivulini, hakikuwa na mshindani mkubwa. Watafiti wengi wanaamini kwamba wingi huo wa chakula ndio uliowawezesha majike kutembea pamoja badala ya kutawanyika kila mmoja akitafuta riziki yake. Majike wa bonobo hushikamana, na dume mkorofi hujikuta akikabili kundi zima. Hakuna nchi nyingine duniani yenye bonobo wa porini isipokuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Bonobo si mwenyeji pekee wa upinde huo. Yumo tausi wa Kongo, ndege asiye na mfano katika bara zima, kwa sababu jamaa zake wa karibu wako Asia. Wamo kima wa aina ambazo makazi yao yamekatwa na mito midogo zaidi: lesula, kwa mfano, anaishi kati ya Mto Lomami na Mto Tshuapa. Wamo ndovu wa msituni, wadogo kuliko wale wa mbugani, wenye pembe zilizonyooka. Hao ndovu ndio walioutangaza msitu huu kwa walimwengu kabla ya mnyama mwingine yeyote.

Pembe, mpira, mawese

Wasomaji wa pwani wana hisa yao katika sura ya kwanza. Miaka ya 1870 misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu, iliyofungamana na Zanzibar, ilikuwa imefika Nyangwe na Kasongo, na kutoka huko ilisukuma kaskazini kufuata pembe. Mvumbuzi Henry Morton Stanley alipopanda mto mwishoni mwa 1883 alikuta vijiji vilivyoteketezwa chini ya maporomoko ya Kisangani, kazi ya misafara hiyo. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, alikubali kuwa liwali wa maeneo ya maporomoko hayo kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Isangi, pale Lomami inapoingia Mto Kongo, palikuwa na kituo cha watu wake. Dola ya Leopold, aliyoimiliki binafsi huko Kongo, nayo ikajenga kambi yenye ngome Basoko ili kuwazuia wasishuke zaidi. Yahuma ilibaki nyuma ya vituo hivyo viwili, katika nchi ambayo pembe zake zilitakiwa na pande zote mbili.

Vita vya 1892 hadi 1894 vilimaliza utawala wa Waswahili na Waarabu katika Kongo ya mashariki, lakini vilibadili tu bandari ya pembe. Zilizokuwa zikienda Zanzibar sasa zilikwenda Antwerp. Kilichobaki Kisangani ni Kiswahili chenyewe, ambacho hadi leo kinasemwa bega kwa bega na Kilingala.

Baada ya pembe ulifuata mpira, ambao katika msitu huu haukutokana na mti wa kupandwa bali na mitambaa ya porini, hasa ya jamii ya Landolphia. Magharibi ya Yahuma, katika mabonde ya Lopori na Maringa, kampuni ya ABIR ilipewa nchi nzima tangu 1892, na watu wakalazimishwa kwa bunduki kuleta kiasi kilichopangwa. Ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, aliyesafiri mtoni mwaka 1903, ilisaidia kuufichua ukatili huo, na mwaka 1908 Leopold akaikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Vitabu vimehesabu madhara yaliyowapata binadamu, na ni haki yao kutangulizwa. Lakini Landolphia ni pia chakula: tunda lake ni miongoni mwa matunda ambayo bonobo huyafuata sana, naye humeza mbegu na kuziangusha mbali na mtambaa mama. Mtambaa uliokatwa ili kukamua utomvu upesi, kwa hofu ya kiboko, uliondoka na msimu wake wa matunda.

Shehena ya tatu ilikuwa mawese. Tarehe 14 Aprili 1911 William Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza, alitiliana saini na serikali ya Ubelgiji mkataba uliompa haki ya kuchagua ardhi ndani ya maduara matano, kila moja lenye nusu kipenyo cha kilomita 60. Duara mojawapo lilikuwa na kitovu chake ukingoni mwa mto, mahali palipopewa jina la Malkia Elisabeth: Elisabetha, leo Lokutu. Mashamba yaliyotokana na duara hilo yameenea katika ardhi za Basoko, Isangi na Yahuma. Yalikuwa ya Unilever hadi 2009, yakanunuliwa na kampuni ya Feronia, kisha yakabadilisha wenyewe tena, na mzozo wa wanavijiji kuhusu ardhi ya mababu zao umeyafuata katika kila mkono.

Jambo moja linaunganisha shehena hizi tatu. Tarehe 1 Julai 1885, dola changa ya Leopold ilitangaza kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya dola. Msitu wa kuwinda, wa kuokota viwavi, wa kuchimba mizizi ya dawa, hauna nyumba. Kwa macho ya sheria hiyo ulikuwa mtupu. Mtu aliyejua kila kijito chake aligeuzwa mpita njia katika mali ya mwingine.

Fuvu kwenye droo, ndege juu ya kabati

Sayansi ilipita njia hiyohiyo ya mto. Tervuren, karibu na Brussels, Leopold alianzisha makumbusho ya Kongo, na meli zilizobeba mpira zilibeba pia masanduku ya mifupa na ngozi. Mengi yalifika yakiwa na maelezo machache kuhusu yalikotoka.

Mwaka 1928 Mmarekani kijana, Harold Coolidge, alikuwa akipima mafuvu ya gorila huko Tervuren. Alitoa kwenye droo fuvu dogo lililodhaniwa la mtoto wa sokwe, akaona mishono ya mifupa imekwisha kufunga. Lilikuwa la mnyama mzima. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alimweleza mkuu wa makumbusho, Henri Schouteden, naye akamdokezea Mjerumani Ernst Schwarz aliyepita hapo wiki chache baadaye. Schwarz hakungoja: mwaka 1929 alichapisha maelezo ya sokwe mpya wa kusini mwa Mto Kongo, yaani bonobo. Coolidge alirudi na uchunguzi mpana zaidi mwaka 1933, akaonyesha kwamba huyu si tawi la sokwe wa kawaida bali ni spishi kamili. Hivyo mnyama wa karibu na binadamu kama sokwe mwenyewe alipata jina la kisayansi kutokana na kichwa kikavu, na kwa miaka 40 iliyofuata karibu hakuna msomi aliyekwenda kumtazama anavyoishi porini.

Kisa cha tausi kinafanana na hicho. James Chapin wa makumbusho ya historia ya asili ya New York alifika Kongo mwaka 1909 pamoja na Herbert Lang, wakakaa miaka sita. Mwaka 1913 huko Avakubi, katika msitu wa Ituri, aliona unyoya katika kofia ya mwenyeji mmoja, asiweze kuutambua. Aliuhifadhi. Mwaka 1936, akiwa Tervuren kwa kazi nyingine, aliwaona juu ya kabati la ukumbini ndege wawili waliojazwa majani, wenye kibandiko kinachosema ni tausi wa India, wadogo wa umri. Bawa la jike lilikuwa na unyoya uleule. Alitangaza jenasi mpya, Afropavo, na mwaka uliofuata akarudi Kongo kumtafuta aliye hai. Huko wawindaji hawakuwa na fumbo la kufumbua: walimjua kwa sauti, kwa mayai na kwa ladha.

Katika miaka hiyohiyo Wabelgiji walianzisha Yangambi, mwaka 1933, makao ya taasisi ya kilimo ya INEAC, ambayo ilikuja kuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya utafiti wa mimea ya tropiki. Ghala lake la mimea mikavu bado lipo, na mwaka 1976 UNESCO iliutambua msitu wa Yangambi kuwa hifadhi ya biosfia. Lakini Yangambi iko ng'ambo ya kulia. Mtafiti aliyesimama kwenye kilima chake aliuona msitu wa upande wa pili kila asubuhi, lakini upande wake mwenyewe hapakuwa na bonobo wa kumshughulisha.

Msomi aliyeshika baiskeli

Aliyevunja mazoea hayo alitoka Japani. Mtafiti Takayoshi Kano alifika Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1973, akanunua baiskeli, akaanza kuzunguka vijiji vya ndani ya upinde akiuliza bonobo wako wapi. Kuuliza si ujinga, na baiskeli ilimweka mgeni katika mwendo wa wenyeji, kwenye njia zao na katika baraza zao. Vijiji vingine vilimwambia wanyama hao walikwisha kuliwa. Wamba, katika Djolu, jirani ya Yahuma, alikuta jambo tofauti. Wangando wa hapo walikuwa na mwiko wa kumla bonobo, wakisimulia kwamba zamani walikuwa ndugu wa mababu zao. Kwa hiyo bonobo walikuwa hai, na hawakuwaogopa sana watu.

Mwaka 1974 Kano alianzisha utafiti Wamba. Wenyeji wakawa wafuatiliaji wa makundi, na miwa iliyowekwa mahali pa wazi iliwafanya wanyama waonekane. Karibu yote yanayosimuliwa leo kuhusu majike wanaoongoza na ugomvi unaozimwa kwa kukumbatiana yalianza kuandikwa hapo na katika vituo vichache vilivyofuata. Mwaka 1990 eneo hilo lilitangazwa Hifadhi ya Kisayansi ya Luo, na watu hawakuhamishwa. Waliendelea kuishi, kulima na kuwinda kwa silaha za jadi, bonobo akiwa amelindwa kwa sheria iliyoandikwa juu ya sheria iliyokuwapo.

Vita vilivyoikumba Kongo vilionyesha uimara na udhaifu wa mwiko. Miaka ya 1990 watafiti waliondoka, wakarudi kuanzia 2002. Wakati huo askari wenye bunduki na wasio na mwiko walipita, njaa ilipiga, na baadhi ya makundi ya bonobo karibu na Wamba yalitoweka. Mwiko unamfunga aliyelelewa nao. Mgeni mwenye risasi haumhusu, na kijana aliyekulia vitani huenda hakukaa barazani muda wa kutosha kuurithi.

Somo la Kano lilijirudia upande wa Opala, jirani mwingine wa Yahuma. Mwaka 2007 timu iliyoongozwa na John na Terese Hart, Wamarekani waliokaa Kongo miongo mingi, ilipiga picha ya kima aliyefugwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Uso ulikuwa mrefu, mtupu, na macho makubwa kama ya binadamu. Wenyeji walimwita lesula na walishangaa kuulizwa. Baada ya uchunguzi wa mifupa, sauti na vinasaba, mwaka 2012 alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya, Cercopithecus lomamiensis. Tarehe 7 Julai 2016 ikazaliwa Hifadhi ya Taifa ya Lomami, kilomita za mraba 8,879 katika majimbo ya Tshopo na Maniema. Safari hii mnyama alitambuliwa akiwa hai, karibu na alikozaliwa, kwa sababu kuna mtu aliyebisha hodi.

Shehena ya leo

Sasa kinachotoka msituni kwenda mtoni ni nyama iliyokaushwa kwa moshi. Sababu yake iko kwenye hesabu ya mkulima zaidi kuliko kwenye tabia yake. Mchele, mahindi na kahawa ni mizigo mizito yenye bei ndogo kwa kilo. Daraja la magogo likivunjika na njia ikafunga, mazao huozea ghalani. Nyama ya pori iliyokaushwa ni nyepesi, haiharibiki kwa siku nyingi, na huko mjini ina wateja. Inaweza kuvumilia siku kadhaa za baiskeli hadi bandarini, kisha boti hadi Kisangani. Barabara mbovu, ambayo watu wa mbali huidhania kuwa ngao ya msitu, ndiyo inayoifanya bunduki ilipe kuliko jembe.

Bonobo hawezi kuhimili hesabu hiyo. Jike huzaa mtoto mmoja, na hupita miaka minne hadi sita kabla ya kuzaa mwingine. Makadirio ya chini kabisa ya waliobaki porini ni 15,000 hadi 20,000. Ndovu wa msituni wako katika hatari kubwa zaidi: mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN, liliwaweka katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Wanyama hao wakiondoka miti haitaanguka kesho, na picha za setilaiti zitaendelea kuonyesha kijani kitupu. Ila miti mingi ya matunda makubwa hutegemea tumbo la ndovu au bonobo kusafirisha mbegu. Bila wao, miche huota chini ya mama yake, gizani, na wengi hufa hapo.

Hifadhi za taifa pekee haziwezi kuziba pengo hili. Lomami iko mbali na Yahuma, na Luo iko ng'ambo ya mpaka wa jimbo. Kati yao kuna msitu wa vijiji, mashamba ya mawese, na maeneo ambayo wakata mbao huyatamani kwa ajili ya afrormosia, mti wa mbao ngumu ambao tangu 1992 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Ndiyo maana karatasi moja ya serikali inastahili kusomwa barazani zaidi kuliko magazetini. Agizo namba 14/018 la tarehe 2 Agosti 2014 linaruhusu jamii inayoshikilia msitu kwa desturi kuomba hati ya msitu wa jamii, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Hati husainiwa na gavana wa jimbo. Kabla ya hapo jamii hukaa na majirani kukubaliana mipaka, huchora ramani, na baadaye huandaa mpango wa matumizi unaosema wapi patalimwa, wapi patawindwa na wapi pataachwa.

Kazi hiyo ni ndefu na ina gharama, na mara nyingi hubebwa na shirika la nje, jambo lenye hatari zake: mradi ukiisha, ramani hubaki kwenye kompyuta ya Kinshasa. Wapo pia watakaoitumia hati kuuza magogo haraka. Hata hivyo tofauti yake na tangazo la 1885 ni kubwa. Lile lilianza kwa kudai kwamba msitu usio na nyumba hauna mwenyewe. Hili linaanza kwa kumuuliza mzee wa ukoo mpaka wake unapita kijito gani. Atakapojibu, akiwataja pia wanyama waliobaki na waliotoweka katika uhai wake, maarifa yatakuwa yameandikwa kabla ya mzigo kufika bandarini, kwa jina la aliyeyatoa na juu ya ardhi ambayo sheria inamtambua kuwa ni yake. Wilaya ya Yahuma ikipata ramani za namna hiyo kijiji baada ya kijiji, mwindaji wa kutoka mbali, kampuni ya mbao na hata mtafiti watalazimika kuanza kwa kuomba ruhusa hapo.